Paulino Alcántara: mtoto wa Ufilipino aliyepasua nyavu Barcelona, kisha akaacha mpira juu ya udaktari

Tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 2014, Lionel Messi alifunga magoli matatu katika mechi ambayo Barcelona iliipiga Osasuna 7-0. Siku ile hesabu yake ilifika magoli 371, na rekodi ya zamani sana katika klabu ile ikaanguka. Mashabiki wengi walishangaa kusikia kwamba mwenye rekodi hiyo hakuwa Mhispania wa kawaida, wala Mbrazili, wala Muholanzi. Alikuwa mzaliwa wa visiwa vya Ufilipino, kule Asia ya Kusini-Mashariki, na alikuwa amekufa tangu miaka hamsini.

Jina lake Paulino Alcántara. Alifunga magoli 369 katika mechi 357, na hakuna mtu aliyemfikia kwa muda wa miaka 87. Lakini maisha yake si hesabu ya magoli peke yake. Ndani yake kuna ugonjwa ambao karibu umuue, kuna masomo ambayo hakukubali kuyaacha, na kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe ambamo alichagua upande ambao mpaka leo unawagawanya watu wanaomkumbuka.

Alizaliwa wakati ukoloni unaanguka

Alcántara alizaliwa tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka 1896 katika jimbo la Iloilo, katikati ya Ufilipino. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Uhispania, mama yake Mfilipino wa pale pale Iloilo. Mwaka ule haukuwa wa amani. Wafilipino walikuwa wameanza kuchukua silaha ili kujiondoa chini ya utawala wa Wahispania uliodumu zaidi ya miaka mia tatu. Miezi miwili na kitu kisha yeye kuzaliwa, wakoloni walimpiga risasi José Rizal, daktari na mwandishi ambaye Wafilipino wanamhesabu mpaka leo kuwa shujaa wao wa kwanza.

Mwaka 1898 Uhispania ilishindwa vita na Marekani. Kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini Paris, Marekani ilichukua visiwa vile na kuilipa Uhispania dola milioni 20. Familia nyingi zilizokuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule zililazimika kuamua pa kuishi. Familia ya Alcántara ilihamia Barcelona mtoto akiwa bado mdogo sana.

Ilikuwa pia wakati klabu ya Barcelona yenyewe inazaliwa. Mswisi mmoja, Hans Gamper, aliiunda mwezi wa kumi na moja mwaka 1899 pamoja na wageni wenzake na vijana wachache wa mji. Kwa hiyo klabu na mtoto yule walikua pamoja katika mji mmoja bila kujuana.

Miaka 15, magoli matatu

Alcántara alianza kucheza katika ekipe ndogo ya vijana iliyoitwa Galeno. Gamper ndiye aliyemwona na kumpeleka Barcelona. Alikuwa mwembamba, mwenye sura ya kitoto, na watu waliomwona mara ya kwanza hawakudhani kwamba ataweza kushindana na watu wazima.

Tarehe 25 mwezi wa pili mwaka 1912 aliingia kiwanjani dhidi ya Català katika mashindano ya Catalonia. Alikuwa na miaka 15, miezi 4 na siku 18. Barcelona ilishinda 9-0, na magoli matatu ya kwanza yalikuwa yake. Ili kupima uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka kwamba Lamine Yamal, ambaye dunia nzima ilimshangaa alipoanza mwaka 2023, alikuwa tayari na miaka 15 na miezi 9. Zaidi ya karne moja imepita na Alcántara bado ndiye mdogo kuliko wote waliowahi kuifungia Barcelona.

Fasi yake ilikuwa ya ndani upande wa kushoto. Wakati ule ekipe zilipangwa kwa mabeki wawili, viungo watatu na watu watano mbele. Kati ya hao watano, wawili wa ndani walikuwa na kazi mbili: kushuka kuchukua mpira kwa viungo, na kupanda tena ili kufunga. Kwa lugha ya leo angeitwa kiungo mshambuliaji. Kitu kilichomtofautisha ni shuti lake, ambalo lilikuwa na nguvu isiyolingana na mwili wake. Alikuwa pia na desturi ya kucheza na kitambaa cheupe kikining'inia kiunoni kwenye kaptura, na watu waliokaa mbali walimtambua kwa kitambaa hicho.

Pamoja naye, Barcelona ilitwaa kombe la Catalonia na Kombe la Mfalme mwaka 1913, kisha kombe la Catalonia tena mwaka 1916. Wakati huo hakukuwa na ligi ya taifa nchini Uhispania. Timu zilicheza mashindano ya mkoa, na mabingwa wa mikoa ndio waliokutana katika Kombe la Mfalme.

Kurudi Ufilipino, na malaria

Mwaka 1916, akiwa na miaka 19 tu na tayari nyota wa klabu, wazazi wake waliamua kurudi Ufilipino. Alikwenda nao. Huko alianza masomo ya udaktari, lakini hakuacha mpira. Aliingia katika klabu ya Bohemian ya Manila na kuchukua nayo ubingwa wa nchi mwaka 1917 na 1918.

Mwaka 1917 aliitwa katika ekipe ya taifa ya Ufilipino kwa michezo ya Mashariki ya Mbali iliyofanyika Tokyo. Ufilipino iliipiga Japani 15-2. Mpaka leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya Ufilipino. Leo Japani ni moja ya nchi kubwa za mpira Asia na Ufilipino inahangaika kufuzu; ni vigumu kuamini kwamba mambo yaliwahi kuwa kinyume. Dhahabu ilichukuliwa na China, Ufilipino ikamaliza ya pili.

Barcelona, kwa upande wake, haikupata kombe hata moja wakati hayupo. Viongozi wa klabu waliwaandikia wazazi wake wakiomba mtoto arudi. Wazazi walikataa. Kwao, masomo yalikuwa mbele ya mpira, na Ulaya ilikuwa mbali, safari ya wiki nyingi baharini.

Hapo ndipo linapokuja tukio ambalo linasimuliwa kila mara jina lake linapotajwa. Mwaka 1917 Alcántara aliugua malaria. Yeyote aliyewahi kulala na homa ile anajua kwamba si ugonjwa wa kuchezea, na wakati ule dawa ya kutegemea ilikuwa kinini. Kijana huyu, ambaye alikuwa anasoma udaktari na kujua vizuri hatari yake, alikataa kumeza dawa mpaka wazazi wakubali arudi Barcelona. Wazazi walimwangalia mtoto wao akidhoofika, kisha wakakubali. Alimeza dawa, akapona, na mwaka 1918 alipanda meli.

Mtu anaweza kuona hapo ushujaa, mwingine akaona ukaidi wa kijana aliyecheza na roho yake na kuwatesa wazazi. Lakini tukio lile linaonyesha tabia moja ambayo ilimfuata maisha yake yote: alipoamua jambo, hakurudi nyuma, hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Mpasua nyavu

Aliporudi Barcelona alimkuta Mwingereza Jack Greenwell akiwa kocha. Greenwell alikuwa ameshacheza pamoja naye, lakini alikuwa na wazo jipya: kumweka Alcántara nyuma, kama beki. Wanachama wa klabu hawakukubali. Walipiga kelele mpaka kocha akamrudisha mbele, na magoli yakaanza tena.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhahabu kwa klabu. Golini alisimama Ricardo Zamora, ambaye jina lake limepewa tuzo ya kipa bora wa Uhispania mpaka leo. Katikati alikuwepo Josep Samitier, pembeni Sagi na Vicenç Piera. Mwaka 1920 Barcelona ilishinda Kombe la Mfalme kwa kuipiga Athletic Bilbao 2-0, na Alcántara alifunga goli moja. Mwaka 1922 ilishinda tena, safari hii 5-1 mbele ya Real Unión ya Irún. Watu waliotaka kuiona ekipe hiyo walikuwa wengi mpaka kiwanja cha zamani kikawa kidogo, na mwezi wa tano mwaka huo huo klabu ikafungua kiwanja kipya cha Les Corts.

Katika mechi moja dhidi ya Real Sociedad mwaka 1919, inasimuliwa kwamba polisi mmoja alipita mbele ya goli wakati Alcántara anapiga shuti. Mpira ulimkuta polisi, na vyote viwili, mpira na polisi, vikaishia ndani ya nyavu.

Lakini jina la utani lililobaki lilizaliwa Bordeaux, nchini Ufaransa. Tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 1922, Uhispania ilicheza na Ufaransa na kushinda 4-0. Shuti moja la Alcántara lilipita katika nyavu na kuzipasua. Tangu siku ile Wahispania walimwita Mpasua nyavu. 

Kwa ekipe ya taifa ya Uhispania alicheza mechi tano tu, akafunga magoli sita. Mbili kati ya hayo aliyafunga katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ubelgiji, mwezi wa kumi mwaka 1921.

Mitihani mbele ya Olimpiki

Mechi tano ni chache kwa mtu wa uwezo wake, na sababu moja inajulikana. Mwaka 1920 Uhispania iliunda ekipe yake ya taifa ya kwanza kabisa ili kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp. Alcántara aliitwa. Alikataa. Tarehe za michezo ziligongana na mitihani yake ya udaktari, naye alichagua mitihani. Uhispania ilirudi na medali ya fedha, na wenzake Zamora na Samitier wakawa mashujaa wa nchi nzima.

Leo uamuzi kama huo ungeonekana wazimu. Lakini wakati ule mpira haukuwa kazi ya kulisha familia. Uhispania ilikubali rasmi wachezaji wa kulipwa mwaka 1926 tu, na ligi ya taifa ilianza mwaka 1929. Mchezaji mwenye akili alijua kwamba miguu huchoka mapema na kwamba baada ya hapo kuna maisha marefu ya kuishi. Mtu aliyekataa dawa ili arudi uwanjani ndiye huyo huyo aliyekataa Olimpiki ili asikose mtihani. Hakutaka kupoteza kimoja kati ya vitu viwili alivyovipenda.

Mpira pia ulikuwa umeanza kuchanganyika na siasa. Mwezi wa sita mwaka 1925, watazamaji katika kiwanja cha Les Corts waliupigia miluzi wimbo wa taifa wa Uhispania. Serikali ya Jenerali Primo de Rivera ilikifunga kiwanja na kumlazimisha Gamper aondoke katika uongozi. Mtu aliyemgundua Alcántara hakupata tena nguvu zake za zamani. Alijiua mwaka 1930.

Uwanjani, Alcántara aliendelea. Mwaka 1925 alipata Kombe la Mfalme la nne. Mwaka 1926, mjini Valencia, Barcelona ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya ekipe ya Madrid ambayo leo inaitwa Atlético. Ilirudisha magoli yote mawili, na katika muda wa nyongeza Alcántara alifunga la tatu. Lilikuwa Kombe la Mfalme la tano kwake. Alivuna pia makombe kumi ya Catalonia.

Mwezi wa saba mwaka 1927, akiwa na miaka 30 na bado mwenye nguvu, aliaga. Klabu ilimwandalia mechi ya heshima. Kisha alivaa koti jeupe la daktari na kufanya kazi hiyo, akitibu magonjwa ya njia ya mkojo.

Hesabu yake ya magoli 369 inahitaji maelezo. Ndani yake kuna mechi nyingi za kirafiki, kwa sababu wakati ule mechi hizo zilikuwa sehemu kubwa ya msimu na ekipe zilizicheza kwa nguvu zote. Ndiyo maana rekodi ya Messi katika mechi rasmi ilihesabiwa mapema zaidi, mwaka 2012, alipompita César Rodríguez. Ile ya mwaka 2014 ni ya mechi zote kwa jumla.

Vita, na upande aliouchagua

Kati ya mwaka 1931 na 1934, Alcántara alikuwa mmoja wa viongozi wa Barcelona. Kisha ikaja mwaka 1936. Mwezi wa saba, sehemu ya jeshi iliasi serikali ya Jamhuri. Mjini Barcelona uasi ulishindwa, na barabara zikawa mikononi mwa wanamgambo wa vyama vya wafanyakazi. Mapadri, matajiri na watu waliojulikana kuwa wa mrengo wa kulia walitafutwa nyumba kwa nyumba, na wengi waliuawa bila kuhukumiwa.

Alcántara, Mkatoliki na mtoto wa afisa wa jeshi, alikuwa upande wa kulia. Mwanzoni mwa mwezi wa nane alikimbilia Andorra, kisha Ufaransa. Angeweza kubaki huko kama maelfu ya wakimbizi wengine. Badala yake alivuka tena mpaka na kujiunga na jeshi la Jenerali Franco. Alitumika katika kikosi kilichochanganya Wahispania na Waitaliano waliotumwa na Mussolini, na alikuwa mtu wa Falange, chama kilichofuata siasa za kifashisti.

Mwezi huo huo wa nane mwaka 1936, upande mwingine wa nchi, askari wa Franco walimkamata Josep Sunyol, raisi wa Barcelona, katika milima ya Guadarrama karibu na Madrid, na kumpiga risasi. Mwezi wa tatu mwaka 1938, ndege za Italia ziliushambulia mji wa Barcelona kwa siku tatu. Mamia ya raia walikufa, na ofisi za klabu zilipigwa bomu. Kwa hiyo raisi wa klabu aliuawa na jeshi ambalo mfungaji bora wa klabu alilitumikia, na jengo la klabu lilibomolewa na washirika wake wa vita.

Tarehe 26 mwezi wa kwanza mwaka 1939, jeshi la Franco liliingia Barcelona, na Alcántara alirudi pamoja nalo katika mji uliomlea. Serikali mpya ilikataza matumizi ya lugha ya Kikatalani hadharani. Hata jina la klabu lilibadilishwa ili lisomeke kwa Kihispania.

Hapa ndipo wanaomkumbuka wanapoachana njia. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyekimbia kuuawa hawezi kulaumiwa kwa kwenda kwa adui wa wale waliomtafuta. Wapo wanaosema kwamba kukimbia ni jambo moja, na kuchukua silaha kwa ajili ya udikteta ni jambo lingine. Kwa miaka mingi klabu, ambayo iligeuka kuwa ishara ya Wakatalani waliopinga Franco, haikuzungumza sana juu ya nyota wake wa kwanza. Rekodi ilibaki katika vitabu, lakini mtu mwenyewe alififia.

Kazi ya mwisho

Mwaka 1951 aliitwa kusaidia ekipe ya taifa ya Uhispania kama mmoja wa makocha watatu. Walisimamia mechi tatu. Uhispania iliishinda Uswisi 6-3, ikatoka sare na Ubelgiji 3-3 na sare na Uswidi 0-0. Baada ya hapo alirudi katika kazi yake ya udaktari.

Alifariki Barcelona tarehe 13 mwezi wa pili mwaka 1964, akiwa na miaka 67. Alizikwa katika makaburi ya Les Corts, hatua chache kutoka Camp Nou, kiwanja kikubwa ambacho klabu ilikifungua mwaka 1957.

Nchini Ufilipino, ambako mpira wa kikapu ndio unaotawala, jina lake lilisahaulika kwa muda mrefu. Messi ndiye aliyelirudisha bila kujua, pale alipoikaribia rekodi na waandishi wakaanza kumtafuta mwenye rekodi. Mwaka 2018 Wafilipino walianzisha kombe la taifa na kulipa jina lake, Copa Paulino Alcántara. Ekipe ya kwanza kulichukua ilikuwa Kaya, inayobeba jina la Iloilo, jimbo lile lile ambako Mpasua nyavu alizaliwa.